Gari ya paundi 1,200 Uingereza: hesabu tunayokosea iko wapi

Haipiti wiki sijatumiwa picha ya gari na mtu aliyeingia Uingereza miezi miwili mitatu iliyopita. Gari inang'aa, rimu safi, viti vya ngozi, paundi 1,200, na chini ya picha swali ni lile lile, "kaka hii vipi, niichukue?" Na mimi jibu langu siku zote linawaudhi maana siangalii hata picha, nauliza umeshapata bei ya bima? Kimya. Leseni yako ina miezi mingapi tangu ufike? Kimya tena. Gari utaipeleka kwenye kazi gani? Hapo ndio mtu anaanza kuona kama namuonea wivu.

Simuonei mtu wivu. Nimekaa huku Midlands, katikati ya England, zaidi ya miaka kumi, nimenunua mikweche minne, miwili ilinitendea haki na miwili ilinila hela, na nimegundua kwamba sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunakuja na mizani ya nyumbani tunaipimia gari ya huku, ndio maana tunaumia.

Mizani ya nyumbani ni hii: gari ni ghali, fundi ni rahisi. Gari inatoka Japani na meli, inafika Dar au Mombasa inakutana na ushuru, eksaizi, VAT asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya, na Kenya gari iliyozidi miaka minane haiingii kabisa, kwa hiyo mpaka ipate namba bei yake ya mnadani imeshasahaulika. Kitu ulichokilipia hivyo unakishika kama kiwanja. Unafanya injini, unabadilisha gea, unapiga rangi, unaiuza baada ya miaka mitano na bado hela inarudi ya maana. Na fundi yupo chini ya mwembe, anafungua injini nzima kwa hela ambayo huku hailipi hata saa moja ya gereji.

Huku mizani imegeuka. Gari yenyewe ndio kitu rahisi kuliko vyote. Yaris ya 2010, Jazz ya 2009, Fiesta ya mwaka huo huo, ukitulia unapata ya paundi elfu moja na kitu na inatembea vizuri tu. Kilicho ghali ni mkono wa mtu na karatasi. Saa moja ya gereji unalipa paundi 60, 80, mijini hata mia na zaidi, spea bado. Bima inaweza kuzidi bei ya gari kwa mwaka mmoja tu. Kwa hiyo anayenunua huku anatakiwa aanze na karatasi, aje kwenye injini, bodi na rangi viwe vya mwisho kabisa, wakati sisi tunaanza na rimu.

Nianze na bima maana ndio inayoua. Kampuni za bima hazikujui. Ile miaka 12 uliyoendesha Dar bila kugonga hata baiskeli, kwao kampuni nyingi wanaihesabu sifuri. Wanaangalia umri wako, posta kodi yaani namba ya posta ya unapoishi, kazi yako, leseni yako ni ya nchi gani, umeishi Uingereza muda gani, na gari yako iko kundi gani, maana magari yamepangwa makundi kuanzia 1 mpaka 50 na kadiri kundi linavyopanda ndivyo bei inavyopanda. Gari mbili zinauzwa bei moja, zimeegeshwa pembeni ya barabara hiyo hiyo, moja bima yake paundi 1,100 nyingine 2,300, na mnunuzi anaichukua ya pili kwa sababu ina skrini kubwa. Namba ya gari iko kwenye tangazo, kuweka namba hiyo kwenye tovuti za kulinganisha bima ni dakika kumi na ni bure, fanya kabla hujapanda basi kwenda kuiangalia.

Halafu kuna hii ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Wengi wanadhani ni huruma ya kampuni, kumbe ni mkopo wenye riba, ukijumlisha miezi yote unakuta umelipa zaidi ya aliyelipa mara moja. Kama una kikoba na wenzako, chukua mchezo wako mwezi wa bima.

Na nitasema jambo ambalo kwenye jamii zetu tunalisema kwa kunong'ona. Kuandikisha bima kwa jina la shemeji mwenye leseni ya miaka kumi halafu wewe ndio unaendesha kila siku, huku ni udanganyifu wa bima, siyo ujanja. Siku ukigonga, kampuni ikigundua inaweza kukataa kulipa, na shemeji wa watu umemuingiza kwenye rekodi ambayo itamfuata. Kuna na wale wanaouza bima za bei chee kwa WhatsApp, wanakutumia karatasi nzuri yenye nembo, hela imekwenda, bima haipo. Kuna rejesta ya magari yenye bima, askari na kamera za barabarani zinaisoma namba yako unapita tu, na wewe mwenyewe unaweza kuangalia gari yako kama imo. Ukikamatwa huna bima ni paundi 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni na gari inaweza kuvutwa pale pale. Na kwa aliyefaulu mtihani wa huku, pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo maana yake leseni inafutwa, unaanza upya kama mtoto wa miaka 17.

Sasa hapa ndipo panaponiuma zaidi, maana wengi wanaoniuliza siku hizi ni watu wa kea, yaani kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Tangu 2022 Uingereza ilipofungua viza kwa wafanyakazi wa kea, ndugu zetu wengi wa Kenya, Uganda, Tanzania wamekuja, mpaka njia hiyo ikafungwa kwa wapya wa kutoka nje Julai 2025. Kazi za kea za majumbani bila gari hazifanyiki. Asubuhi saa moja uko kwa bibi wa kwanza, dakika 30, unakimbia kwa wa pili maili nne, wa tatu maili sita, jioni unarudia mzunguko. Kwa hiyo gari kwa mtu huyu siyo starehe, ni jembe. Bila gari hakuna shifti, bila shifti mwajiri anakuona mzigo, na mwajiri ndiye aliyeshika viza yako.

Na leseni yetu ina muda. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda unaendeshea miezi 12 tu tangu uanze kuishi huku, baada ya hapo basi. Mwenzako wa Zimbabwe au Afrika Kusini ofisini hapo hapo yeye anabadilisha leseni kwa posta, nchi yake ipo kwenye orodha, sisi hatumo. Kwa hiyo mwezi wa 13 wewe ni mwanafunzi, unabandika herufi L, na lazima pembeni yako akae mtu wa miaka 21 kwenda juu mwenye leseni kamili ya miaka mitatu, sasa huyo mtu utazunguka naye kwa wagonjwa? Mtihani wa nadharia paundi 23, wa barabarani 62 siku za kazi, hela siyo tatizo, tatizo ni nafasi, sehemu nyingi unasubiri miezi. Naomba mtu yeyote anayesoma hii akiwa na miezi miwili tu nchini, aombe leseni ya muda, ile ya wanaojifunza, na afanye nadharia sasa hivi, asisubiri mpaka afikishe miezi kumi. Kuna binti mmoja wa Tanga, namuita mdogo wangu maana kwao na kwetu ni jirani, alikuja na uzoefu wa kuendesha miaka saba, akasema kaka mimi najua gari. Alifeli mara ya kwanza kwa kutoangalia vioo na bega kabla hajatoka kwenye maegesho. Anajua gari kweli, ila mtihani wa huku unapima tabia ambazo kwetu hatukufundishwa, na yeye alishabakiza wiki tano.

Bima yake nayo ilikuwa na shimo ambalo hakulijua. Alichagua ile ya matembezi na kwenda kazini. Kwenda kazini kwa lugha ya bima ni kutoka nyumbani mpaka sehemu moja ya kazi. Kuzunguka nyumba kwa nyumba za wateja ni matumizi ya biashara, lazima uiongeze, na mara nyingi haipandishi sana bei. Miezi mitatu alikuwa anazunguka akidhani amekingwa na bosi wake hakumwambia kitu, alimpa ratiba tu.

Gari yenyewe sasa. Huku kuna kitu kimoja kizuri ambacho natamani kwetu kingekuwepo, kila gari ikishafika miaka mitatu inapimwa kila mwaka, kipimo kinaitwa MOT, bei yake haizidi paundi 54.85, na majibu yote yako wazi kwenye tovuti ya serikali, unaweka namba ya gari tu, bure. Watu wanaangalia kama imepita au imefeli wanafunga. Usifunge, soma chini, kwenye maonyo, yaani vitu ambavyo gari imepita navyo ila fundi kaandika viangaliwe. Ukikuta 2021 wameandika bomba za breki zimeanza kutu, 2022 bomba za breki kutu, 2023 bomba za breki kutu, hapo umesoma tabia ya mwenye gari kuliko maneno yake yote. Na maili zinaandikwa kila mwaka, zikishuka badala ya kupanda mtu kachezea mita.

Hiyo kutu sisi wa pwani tunaielewa. Tanga, Mombasa, Unguja, gari iliyolala karibu na bahari inaliwa kuanzia chini. Huku bahari inaletwa barabarani, kila baridi ikikaza wanamwaga chumvi ili barafu isishike, na chumvi inaruka chini ya gari miezi minne mitano ya mwaka. Gari ya miaka 15 juu inaweza kuwa kama mpya na chini ni biskuti. Lala chini uangalie. Beba tochi na kipande cha boksi cha kulalia, usione aibu, anayeuza gari nzima hatakukataza.

Gari yangu ya kwanza nilienda kuiona usiku, mvua inanyesha, mwenye gari kaniwekea kabisa imewaka hita inavuma, akasema nimekupashia moto usipate baridi. Nikaona ukarimu. Injini iliyopashwa inaficha kila kitu, haigongi kama ya baridi, haitoi moshi wa kwanza, haikwambii betri imechoka. Siku hizi kitu cha kwanza nikifika naweka mkono juu ya boneti, ikiwa ya moto naomba radhi naondoka au nasubiri ipoe. Nafungua kifuniko cha oili, nikikuta utando mweupe kama mayonezi narudisha kifuniko taratibu, inaweza kuwa unyevu tu wa safari fupi ila pia inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi, na mimi sibahatishi kwa hela yangu. Nanyanyua kapeti ya buti nagusa panapokaa tairi la spea kama pana maji. Matairi nayachomeka sarafu ya pensi 20 kwenye kashata, ule ukingo wa nje wa sarafu ukionekana wote kashata imekaribia milimita 1.6 ya kisheria au imepita, na kila tairi bovu ni pointi 3 na faini inayoweza kufika 2,500, yaani matairi mawili mabovu kwa mtu mwenye leseni mpya ni leseni imekwenda.

Ile ya mvua ilianza kuchemsha wiki ya tano, njiani kuelekea Birmingham. Gereji wakaniambia 900. Nilikuwa nimeinunua 1,100. Hapo ndipo mizani ya nyumbani iliponidanganya kabisa, nikasema gari inatengenezwa, gari haitupwi, nikalipa 900, baada ya miezi miwili gea ikaanza kukataa, 700 nyingine. Mtu aliyezaliwa huku angefanya hesabu nyingine, angepiga simu skrepa siku ile ile. Nilikuja kuwapigia baadaye, wakanipa 180, nayo kwenye akaunti maana sheria ya England ya 2013 inakataza kununua skrepa kwa keshi.

Siku hizi nahesabu hivi. Gari nimenunua 1,500, skrepa itanipa 200, kwa hiyo nimeweka rehani 1,300. Ikinikalisha miezi 24 ni kama paundi 54 kwa mwezi. Bima ikiwa 1,400 kwa mwaka ni 117 kwa mwezi. Bima mara mbili ya gari! Kwa hiyo kuhangaika kushusha bei ya gari paundi 100 kunakuokolea paundi 4 kwa mwezi, wakati kuchagua gari ya kundi la chini kunaweza kukuokolea 40. Na kila tatizo likitokea naliuliza swali moja, hela hii inaninunulia miezi mingapi? Breki paundi 180, mwaka mzima, lipa. Injini 900 kwenye gari ya 1,100, hapana, hata kama roho inauma.

Kodi ya barabara nayo ina maajabu yake. Gari zilizoandikishwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017 zinalipa kwa moshi wake, kwa hiyo kagari kadogo ka 2014 kanaweza kulipa paundi 20 kwa mwaka, na ka 2018 kanachofanana nako kabisa kikalipa 195 mwaka 2025. Mpya zaidi siyo nafuu. Na kodi haihami na gari tangu Oktoba 2014, muuzaji anarudishiwa ya kwake, wewe unalipa yako kabla hujawasha kuondoka, akikwambia "ina kodi mpaka Desemba" ni maneno tu.

Dizeli kwa mtu wa kea simshauri. Inauzwa bei nzuri kwa sababu London tangu Agosti 2023 eneo la ULEZ, la kutoza magari ya moshi mchafu, limefunika mitaa yote, dizeli nyingi za kabla ya Septemba 2015 zinalipa 12.50 kwa siku, Birmingham katikati ni paundi 8, kwa hiyo watu wanazitupa. Mtu anaona rahisi ananunua. Lakini dizeli ina chujio la moshi linalohitaji safari ndefu ya moto ili lijisafishe, na kea ni maili tatu unazima, maili nne unazima, siku nzima. Chujio linaziba, taa inawaka, na bei ya kulibadilisha unaweza kununulia gari nyingine. Petroli ndogo, lita 1.0 mpaka 1.4, isiyo na mbwembwe.

Kununua kwa mtu binafsi na kununua kwa mwenye yadi ni vitu viwili. Yadi, sheria ya 2015 inakupa siku 30 kurudisha gari mbovu, hata kama kaandika kwenye risiti "imeuzwa kama ilivyo". Mtu binafsi hana deni kubwa kwako, alimradi ni yake na hakukudanganya. Ndio maana wapo madalali wanaojifanya ni watu wa kawaida wanauza gari ya mama. Piga simu sema naulizia ile gari. Akijibu "ipi?" umeshajua. Na kadi ya gari, hiyo V5C, iangalie kwa macho yako, jina na anwani unayosimama mlangoni pake, ila kumbuka imeandika anayeitunza tu, kama inadaiwa mkopo au ilishaandikwa hasara na bima, zile za Cat S na Cat N, lipa paundi chache uangaliziwe kabla.

Na wazo la kwamba ukichoka nayo utaipeleka nyumbani, achana nalo. Kenya utagonga ile miaka minane, Tanzania utakutana na ushuru wa uchakavu.

Kuna hela nyingine ambayo watu wa kea wanaiacha mezani na hii inanikera kwa niaba yao. Kiwango kilichowekwa na serikali 2011 kwa anayetumia gari yake kazini ni pensi 45 kwa maili, maili 10,000 za kwanza za mwaka, kisha 25. Mwajiri halazimishwi kulipa 45, na wengine wanalipa 20, 25. Lakini tofauti ile unaruhusiwa kuidai nafuu ya kodi. Chukua aliyezunguka maili 6,000 kati ya mteja na mteja akalipwa pensi 25. Amepunjwa pensi 20 kila maili, jumla 1,200, kwa anayekatwa asilimia 20 hiyo ni paundi 240 mkononi, na unaweza kurudi nyuma miaka minne ya kodi. Kinachotakiwa ni daftari, tarehe, ulitoka wapi, ukaenda wapi, maili ngapi. Na muda wa barabarani kati ya mteja na mteja unahesabika kwenye kima cha chini cha mshahara, siyo hisani ya bosi. Tumekuwa tukibishana kuhusu rimu wakati mwajiri amehamishia gari, mafuta, matairi na bima yake yote mgongoni kwa mtu anayelipwa kwa saa.

Yule mdogo wangu wa Tanga alifaulu mara ya pili, siku nne kabla miezi yake haijaisha. Jumamosi iliyopita alinipitia twende tukaone Jazz moja, ya bibi mmoja wa makamo, nyumba yenye maua. Tulifika gari iko barabarani, imelowa umande, boneti baridi. Nikataka kwenda kugonga mlango, akanishika mkono, "subiri kaka", akatoa simu akaanza kuingiza namba, kazi yake, posta kodi, akashuka mpaka kwenye matumizi, akachagua biashara. Tukasimama pale kwenye ubaridi tunaangalia kile kiduara kinazunguka. 1,260. Akasema, "haya sasa tugonge".